Mwaka Nilipokuwa Macho ya Bi Rukia

Mwezi uliopita nilikwenda Kizingo kumhani Bi Salma, aliyefiwa na mumewe, Twahir. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu nilipoingia nyumba ile mara ya mwisho. Nilivua viatu kibarazani kati ya jozi nyingi za wageni, nikaingia chumba cha wanawake, ambako mikeka ilikuwa imetandikwa ukuta kwa ukuta na vikombe vya kahawa vikizunguka kimya kimya. Bi Salma alikuwa amekaa pembeni katika nguo zake nyeupe za eda. Alinitambua kabla sijasema neno. Alinishika mkono asiuachie, akanikalisha ubavuni pake, kisha akawageukia waliokuwa karibu akasema, "Huyu ni Bi Wakesho. Ndiye aliyemwokoa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, mwaka ule alipokula majani mabaya. Lau si yeye tungalimzika siku ile." Wanawake walinitazama kwa upole. Mmoja akanisogezea sahani ya tende. Nikainamisha kichwa kama mtu anayeona haya kusifiwa, na haya kweli niliziona, ila si kwa sababu waliyoidhania wao. Msibani si mahali pa kusahihisha habari. Nilikunywa kahawa yangu, nikaaga, nikarudi kwangu Tudor, na tangu siku hiyo maneno ya Bi Salma hayajanitoka. Mambo hayakuwa kama anavyoyasimulia, na mtu pekee aliyejua hivyo pamoja nami amekwisha kufa zamani.

Nilikuwa kijana, nimeshuka kutoka Wundanyi na cheti cha kupiga taipu, nikapata kazi katika ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Mwenzangu mmoja wa kazini ndiye aliyenielekeza mtaa wa Kuze, hapa Mombasa, kwa mjane aliyekuwa na chumba cha juu kisicho na mtu. Bi Rukia alinipokea ukumbini, amekaa kitako juu ya kitanda cha kamba, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Aliniuliza maswali matatu tu: kama nina mtu wa kunitembelea, kama nalala mapema, na kama mato yangu ni mazima. Sikuelewa. "Mato," akarudia. "Nyinyi wa bara mwasema macho." Sisi Wataita si watu wa bara, lakini Kuze kila aliyefika na sanduku alikuwa wa bara, nami sikubishana. Nikamwambia naona vizuri tu. "Basi chumba ni chako, Bi Wakesho," akasema. Nililichukulia lile swali kuwa ni mambo ya wazee, kama vile wengine wanavyouliza ukoo wako au kama unakoroma.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya boriti nyeusi, kina dirisha moja linalotazama kichochoro na jingine linalotazama ua wa ndani. Ukutani mlikuwa na vidaka vitatu vya kuwekea vitu. Kimoja niliweka Biblia, cha pili kikombe changu na kijiko, na cha tatu kilikaa kitupu mpaka nilipohama, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kuweka humo. Nikikumbuka sasa, naona kwamba nilikuwa mpweke mwaka ule kwa namna ambayo sijawahi kuwa tena, hata baada ya kufiwa na mume na watoto kwenda zao. Upweke wa uzeeni una vitu vya kushika. Ule wa wakati huo haukuwa na kitu. Kutoka Jumamosi mchana mpaka Jumatatu asubuhi ningeweza kutofungua kinywa isipokuwa kuimba kanisani, na kanisani kwenyewe nilikaa safu ya nyuma na kutoka kabla ya wengine. Nilikuwa nikikaa dirishani nikisikiliza wanawake wa nyumba ya pili wakiitana kwa majina, vyombo vikigongana, watoto wa madrasa wakikariri, na siku moja nikasikia habari zangu mwenyewe. "Yule mpangaji wa Bi Rukia hana jamaa?" mmoja akauliza. Mwingine akajibu, "Labda anao. Lakini hajaonekana hata mmoja." Nikaurudisha ubao wa dirisha polepole ili wasijue kwamba kulikuwa na mtu. Jioni ile niliandika barua nyumbani kwamba nimezoea na watu ni wema sana.

Ua wa ndani ndio uliokuwa maisha ya Bi Rukia. Haukuwa mkubwa, ungeweza kuuvuka kwa hatua kumi, lakini hapakuwa na sehemu ya ukuta isiyokuwa na kitu kilichooteshwa. Alipanda kwenye makopo ya samli, kwenye madebe, kwenye beseni lililotoboka, kwenye karai kuukuu. Nanaa ilikuwa karibu na kisima kwa sababu inapenda maji. Kotmiri, au dania, ilikaa kivulini. Mrehani ulipangwa safu nzima upande wa jua, kwani huo ulikuwa ukitakwa na kila mtu, wa harusi kwa vikuba, vishada vya kuvaliwa, na wa msiba kwa maiti. Palikuwa na mchaichai, kivumbasi cha kujifukiza mafua, shamari ya kuwachemshia watoto wachanga wenye tumbo la gesi, mshubiri wa kupaka palipoungua na moto, na beseni zima la mnavu, mboga chungu aliyoipenda kuliko nyama. Udongo aliletewa kwa mkokoteni, naye aliulisha kwa majani ya chai yaliyokwisha kunywewa na maji ya kuoshea samaki, ndiyo maana paka wa Kuze nzima walikuwa wakishinda ukutani wakitazama chini. Watu walipiga hodi mchana kutwa. "Bi Rukia, mtoto hakulala." "Bi Rukia, nina wageni, nipe kotmiri kidogo." Aliwapa, na sahani zikarudi na kaimati au vipande vya halua. Pembeni kabisa, kwenye debe lililowekwa juu ya tofali, ulikuwapo mmea wenye maua meupe kama tarumbeta. "Huo ni mnanaha," aliniambia siku ya kwanza. "Majani yake makavu yachomwa, moshi wake wamsaidia mwenye pumu. Kuula hauliwi. Ukila, akili yatoka."

Tulianza kula pamoja kwa sababu ya sufuria. Nilikuwa nimekaa wiki tatu nikila mkate na chai, nikiona uvivu kujipikia mtu mmoja, ndipo jioni moja akaniita kutoka chini. "Bi Wakesho, mbona siisikii sufuria yako?" Nikasema sina njaa. "Mtu aliyetoka kazini hana njaa?" Kisha akasema, "Shuka." Nilishuka nikakuta muhogo wa nazi na chatini ya kotmiri aliyoisaga kwa jiwe, kali hadi machozi yakanitoka, nami sikuweza kujua ni pilipili tu au ni jambo jingine. Hakuniuliza. Tangu siku hiyo nilikula kwake kila jioni, na kila jioni kabla ya kula nilimwagilia ua. Akanifundisha. Alikuwa na kawaida ya kuvunja jani, kulisugua baina ya vidole, kulinusa, halafu ndipo alitaje. Akanitaka nifanye hivyo hivyo. Nilidhani ndio ufundi wenyewe. Nilijiambia kwamba watu wa mjini hutazama majani, lakini bingwa huyanusa.

Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani nikavua viatu, nikakaa uani peke yangu, mgongo ukutani, nikisikiliza utulivu wa nyumba baada ya adhuhuri. Bi Rukia akatoka jikoni bila kanga kichwani. Akaanza kupita kwenye makopo yake moja moja, anayagusa, anayataja kwa sauti ya chini: "Nanaa. Nanaa. Kotmiri. Hii yataka maji. Mrehani." Akapita mbele yangu, karibu kiasi ambacho ningeweza kushika pindo la nguo yake, asinione. Hatua mbili mbele alijikwaa kwenye ndoo niliyoiacha asubuhi mahali si pake, akashika ukuta, akasimama akihema.

"Nani kaweka ndoo hapa?" akauliza, kana kwamba anaiuliza nyumba.

"Ni mimi, Bi Rukia," nikasema.

Mkono wake ulikuwa bado ukutani. "Umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipotoka jikoni."

Akatafuta kigoda kwa mguu, akakaa. Akaniambia yote kwa utulivu, bila kujihurumia, kama anayenieleza jinsi ya kupanda. Jicho la kulia lilikuwa limeziba miaka miwili. La kushoto lilikuwa likiona mwanga na vivuli. Twahir, mwanawe wa pekee, hakujua, na hakutakiwa kujua. "Atanipeleka Kizingo," akasema. "Salma ni mtoto mwema, lakini nyumba yao ina nyasi za kutazamwa tu. Nitakaa kwenye kiti nipewe chai. Hapa nayua kila kopo lilipo." Kisha akanigeukia, uso wake ukielekea kidogo kando ya uso wangu. "Twahir asiyue, Bi Wakesho. Niahidi." Nikamwahidi. Ukweli ni kwamba haikunichukua hata dakika moja kuamua. Tangu nifike Mombasa hapakuwa na mtu aliyenihitaji kwa jambo lolote ambalo mpiga taipu mwingine asingelifanya.

Basi nikawa macho yake. Twahir alikuwa akija Jumamosi baada ya alasiri, akiegesha gari mbali kwa vile vichochoro vya Kuze havipitiki. Mimi ndiye niliyefungua mlango. "Karibu, kaka Twahir," nilikuwa nikisema kwa sauti ya kufika ukumbini, "naona leo umenyoa ndevu," na alipoingia mama yake alimwambia, "Umenyoa, umekuwa kama mtoto." Au nilisema, "Ah, umemletea mama embe," naye akanyoosha mikono kupokea kabla hajakabidhiwa. Nilipanga sinia ya kahawa kila mara vile vile, mkono wa buli kulia, kikombe cha mgeni kushoto. Mlango ulipofungwa nyuma yake tulikuwa tukikaa jikoni tukicheka, Bi Rukia akijifuta machozi kwa kanga. Sasa, nikiwa na umri kama wake, sicheki tena nikikumbuka. Nilimsaidia mama kumdanganya mwanawe kila wiki, na zilikuwa saa nilizokuwa nikizingoja tangu Jumatatu.

Baridi ya kusi ilipofika alishikwa na mafua makali. Alijifukiza kivumbasi, akapona, lakini hakurudi vile alivyokuwa. "Chai yangu umetia nini?" aliniuliza. Nilikuwa nimetia mchaichai na tangawizi tele. "Maji matupu haya," akasema. Siku ya tatu alivunja jani la mrehani, akalisugua, akalipeleka puani, akalipeleka tena. Akanipa mimi. "Hili lanukia?" Lilikuwa likinukia ua mzima. Nikasema ndiyo. Akalitia jani lile mdomoni akalitafuna polepole, akalitema. Kuanzia hapo kila jani lililotoka mlangoni lilipita mikononi mwangu kwanza. Walipokuja kuomba, nilikuwa nimekwisha kuyatenga asubuhi kabla ya kwenda kazini, nimeyafunga mafungu na kuyapanga mezani kwa taratibu tuliyoijua sisi wawili. Hapo ndipo nilipopaswa kwenda kwa Twahir. Mwanamke asiyeona na asiyenusa, anawapa dawa watoto wa watu. Nilijua. Nilijiambia kwamba mimi nipo.

Jumapili iliyofuata, au ile baada yake, jirani mmoja aitwaye Bi Nuru alikuja kukaa na Bi Rukia ukumbini. Nilikuwa uani namwagilia. Nilifika kwenye beseni la mnavu nikaona mche mmoja uliochomoza katikati ya mingine, shina lake nene zaidi, majani mapana kidogo. Mbegu za mnanaha zilikuwa zimeanguka kutoka kwenye debe la pembeni. Ukiwa mchanga, mnanaha hufanana na mnavu kwa mtu asiyetazama vizuri. Nilitazama vizuri. Nilivunja jani nikalinusa, harufu yake mbaya ikanipanda kichwani. Nilikuwa nimeinama kuung'oa niliposikia sauti ya Bi Nuru ikisema, "Naona siku hizi huyu Mtaita ndiye kila kitu kwako. Hata mlango afungua yeye. Amekuwa nani wako?" Bi Rukia akacheka kidogo. "Nani wangu? Ni mpangaji tu," akasema.

Nilisimama. Niliiweka chini ndoo ya maji ikiwa nusu, nikapanda juu. Jioni aliponiita kula nikasema kichwa chaniuma. Jumatatu nikachelewa kutoka kazini kusudi, nikala kwenye kibanda cha viazi vya karai njiani, nikapita ukumbini nikisema "Shikamoo" bila kusimama. Jumanne vivyo hivyo. Sikumwagilia, sikutenga majani. Nilitaka aone mpangaji tu ni mtu wa namna gani. Mche ule niliukumbuka mara moja, Jumanne asubuhi, nikiwa nafunga viatu. Nikasema nitaung'oa jioni. Jioni bado nilikuwa na hasira, na ua ulikuwa upande wa pili wa mlango wake.

Jumatano nilirudi saa kumi na moja. Mlango ulikuwa wazi. Bi Rukia alikuwa amekaa chini sakafuni karibu na jiko, uso mwekundu na mkavu, mikono yake ikichuma hewa, kama anayetoa nyuzi kwenye nguo isiyokuwapo. "Toa hizi, Sharifa," alikuwa akisema. "Zimenijaa." Sharifa alikuwa dada yake aliyekufa. Nilimshika, ngozi yake ilikuwa ikiunguza. Mboni za macho zilikuwa zimetanuka hata rangi yake haikuonekana. Juu ya jiko palikuwa na sufuria ya mnavu wa nazi, imeliwa robo, na kando yake mashina aliyoyachambua kwa mkono, lile nene likiwa pamoja na membamba. Nilikimbia kwa Bi Nuru, ambaye alikuwa na simu, nikampigia Twahir. Alifika haraka mno. Tulimbeba mpaka kwenye gari katika kiti cha mbao, watu wakitupisha vichochoroni, Bi Rukia akitutukana sote na kutuita kwa majina ya watu waliokwisha kufa.

Hospitalini daktari aliuliza amekula nini. Nilikuwa nimechukua lile shina nene mfukoni, nikampa, nikataja jina lake. Hapo ndipo Bi Salma anapoanzia anaposimulia kwamba nilimwokoa. Pengine ni kweli, kwani daktari alisema kujua mmea kulimrahisishia kazi. Lakini baada ya hapo tulikaa ukumbi mrefu wenye viti vya chuma, Twahir akiwa amejishika kichwa. "Sielewi," akasema. "Mama anajua majani kuliko mtu yeyote. Alichumaje kitu kile?"

Ningeweza kusema ni bahati mbaya. "Haoni, kaka Twahir," nikasema. "Haoni na hanusi." Nikamweleza yote, ndevu, embe, sinia ya kahawa. Alinisikiliza bila kuinua uso. Kila nilichomwambia kilikuwa kweli. Sikumwambia kwamba Jumapili nilikuwa nimeinama juu ya mche ule na kuuacha. Niliitoa siri ya Bi Rukia mbele ili yangu ikae nyuma yake isionekane. Na katika viti vile, nikimsubiri Twahir arudi kutoka kumtazama mama yake, ndipo nilipoelewa pia kwa nini Bi Rukia alimjibu Bi Nuru vile. Bi Nuru alikuwa akichungua. Jibu lolote jingine lingemfanya aulize kwa nini mwanamke mzima anahitaji mtu wa kumfungulia mlango.

Akili ilimrudia siku ya pili. Nilimpelekea uji wa mchele, nikamkuta amelala akielekea ukutani. Nikasalimu. Hakujibu. Nilikaa na ule uji mapajani mpaka ukapoa. Twahir alikuwa amekwisha kumwambia. Alitoka hospitali akapelekwa Kizingo moja kwa moja, na mimi nikapewa muda mpaka mwisho wa mwezi kutafuta pengine, kwa maneno ya heshima sana. Wiki zile tatu nilikuwa peke yangu katika nyumba nzima. Nilimwagilia ua kila jioni, nikila mkate na chai. Watu waliendelea kupiga hodi kwa siku chache, kisha wakaacha. Bi Nuru alichukua makopo mawili ya mrehani, wengine wakachukua nanaa. Siku niliyohama nilimwaga ndoo ya mwisho kwenye yaliyobaki, nikijua kwamba hakuna atakayemwaga ya pili. Nikahamia Majengo, chumba kilichotengwa na redio ya jirani kwa ukuta mmoja tu.

Nilikwenda Kizingo mara tatu. Nilikuwa nikishuka barabarani na kutembea chini ya miti mikubwa ambako hapakuwa na mtu mwingine anayekwenda kwa miguu, kila gari likinipita polepole kunitazama. Mara ya kwanza Bi Salma alinipokea kwa upole akaniambia mama amelala. Mara ya pili amelala. Mara ya tatu nilikwenda na kopo la shamari nililoliotesha mwenyewe dirishani Majengo. Nilizunguka upande wa jikoni, kwa sababu niliona haya kupiga kengele ya mbele tena. Dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia Bi Salma akisema, "Mama, amekuja tena. Amesimama jua lote hili." Na sauti ya Bi Rukia ikajibu, kavu, bila kupanda wala kushuka, "Mwambie nimelala." Nililiacha kopo kwenye ngazi. Sikwenda tena. Miezi ilipita, nikawa mtu wa kutoka kazini na kurudi chumbani, na kuna siku ambazo mtu pekee aliyenitaja jina ni bosi akitaka barua.

Kisha asubuhi moja simu ya ofisi ikalia, na ilikuwa yangu. Bi Salma alisema mama amefanyiwa upasuaji. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, kitu ambacho madaktari walikiondoa bila taabu kubwa. Pua haikurudi, lakini alikuwa akiona. "Anakuita," akasema. "Njoo Jumamosi, ule nasi."

Nilimkuta katika chumba cha nyuma, amekaa kwenye kiti kama alivyokuwa amehofu, na bustani ya nyasi nje ya dirisha. Alikuwa amepungua. Nilisimama mlangoni, nikampa shikamoo, akaiitikia. Nikaona kwamba nikikaa kwanza sitasema kamwe, basi nikasema nikiwa nimesimama. Nikamwambia kuhusu mche. Kwamba niliuona Jumapili, kwamba niliunusa nikaujua, kwamba nilikuwa nimeinama kuung'oa. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimekasirika kwa neno alilomwambia Bi Nuru, na kwamba sikumwambia haya Twahir wala daktari. Nilisema maneno machache kuliko ninayoyaandika hapa.

Hakusema neno la lawama wala la msamaha. Alinitazama. Ilinichukua muda kufahamu kwamba ilikuwa mara ya kwanza. "Sogea penye mwanga," akasema. Nikasogea mpaka dirishani. Macho yake yalinipita taratibu, paji la uso, mashavu, shingo, mikono, nguo yangu ya kazini iliyopauka.

"Una miaka mingapi?" akauliza.

"Ishirini na miwili. Natimiza ishirini na mitatu mwezi ujao."

Akatikisa kichwa polepole. "Nalidhani u mtu mzima," akasema. "Kwa sauti yako hiyo nzito. Nalikuwa nikikuona mwanamke wa makamo, aliyeachika, ana wanawe huko bara. Ndiyo maana nikakutwika." Akatazama nje, kisha akanirudia. "Kumbe mtoto. Nimemtwika mtoto."

Bi Salma akaleta chakula, sinia moja ya wali na samaki changu wa kupaka. Nilikaa mkekani upande wa pili wa sinia, nikiwa siwezi kuinua mkono. Bi Rukia aliteremka kutoka kwenye kiti akakaa nami. Akavunja kipande cha samaki, akaanza kuchambua miba, mmoja mmoja, akiuinua kila mwiba mwembamba kwenye mwanga wa dirisha kuuhakikisha kabla ya kuuweka kando. Alipokisafisha kile kipande chote akakiweka upande wangu wa wali, akavunja kingine.

"Kula," akasema.